Swichi kuu ya ISP Tanga mjini: MikroTik mbili mpya, Juniper ya mtumba, au Huawei moja mpya?

Kijana_wa_Ngamiani:
Wakuu, habari za jioni. Nipo Tanga mjini, kwenye ISP (kampuni ya kuuza intaneti) ndogo ya hapa hapa. Swichi yetu kuu imefika mwisho wake. Poti za 10G (gigabiti 10 kwa sekunde) zimejaa, na kila tukitaka kuongeza OLT (kifaa kinachogawa faiba kwa wateja) inabidi tuchomoe kitu kingine. Bosi amekubali tununue na anataka karatasi mezani kabla mwezi haujaisha. Nimechuja nikabaki na hizi:

MikroTik CRS326-24S+2Q, mpya, mbili.
Juniper QFX5100-48S, ya mtumba, moja, muuzaji yuko Dar.
Huawei S6730-H24X6C, mpya, moja.

Huawei ndiyo ghali zaidi, hizo nyingine mbili bei zake zinakaribiana. Wajuzi naomba mawazo, ipi inafaa?

Faiba_Muheza:
Chukua MikroTik mbili, mjadala umekwisha. Poti 24 za 10G kila moja, mbili za 40G za kuziunganisha zenyewe kwa zenyewe, pawa saplai mbili kila moja. Programu yake unapakua bure, huombwi mkataba wa huduma. Na fundi yeyote utakayemwokota kuanzia Tanga hadi Korogwe anajua kufungua Winbox, programu ya kusimamia MikroTik. Huyo wa Junos, mfumo wa Juniper, utampata wapi saa nane za usiku?

MzeeWaRaki:
Kijana, umetaja swichi tatu lakini mtandao wenyewe hukuutaja. Wateja wangapi? Wanaingia kwa PPPoE (kila mteja na jina na nywila yake) au DHCP (kifaa kinapewa anwani bila nywila)? Nani anafanya kazi ya ruta, swichi hiyo hiyo au kuna ruta pembeni yake? Laini ngapi zinatoka Dar, na za ukubwa gani? Minara mingapi, OLT ngapi? Usiku trafiki inafika wapi? Umeme umeupangaje? Mpaka tujue hayo, kila mtu hapa atakuuzia anachokipenda yeye.

Dada_Nodi:
Naunga mkono maswali ya Mzee. Ila hoja ya Faiba_Muheza siwezi kuiacha ipite hivi hivi. Bei na Winbox si kila kitu, tazama na bafa, kumbukumbu ya swichi ambamo pakiti husubiri zamu ya kutoka. Trafiki inatoka Dar kwa 10G, inafika kwako, halafu inatakiwa itokee kwenye poti ya 1G ya mnara. Hapo ni kama magari ya barabara nzima yanayofika kivukoni Pangani kwa pamoja kuvuka kwenda Bweni: uwanja wa kusubiria ukiwa mdogo, ya nyuma hayana pa kusimama. Kwenye swichi, pakiti isiyo na pa kusimama inatupwa. QFX5100 ina bafa ya megabaiti 12 inayotumiwa na poti zote kwa pamoja. Hizo CRS zina megabaiti chache tu. Mteja atakuambia "intaneti nzito" huku grafu yako ikionyesha poti haijafika hata nusu, kwa sababu grafu ni wastani wa dakika tano na pakiti zimetupwa ndani ya sekunde moja.

Halafu kuna "commit confirmed". Kwenye Junos unabadilisha usanidi, ukijifungia nje na usipothibitisha ndani ya dakika 10, unajirudisha wenyewe ulivyokuwa. Kwa mtu mwenye vifaa Pangani na yeye amelala Chumbageni, hicho ni kitu kikubwa.

Faiba_Muheza:
MikroTik nayo ina Safe Mode, dada. Ukikatika, mabadiliko yote uliyofanya ukiwa ndani yake yanafutika.

Dada_Nodi:
Ipo, naijua. Lakini inategemea fundi akumbuke kuiwasha kabla hajaanza, na ukifanya mabadiliko mengi mno kwa mpigo ile historia yake inajaa. Kwenye Junos mabadiliko yote hukaa pembeni kwanza, hayagusi mtandao mpaka useme commit. Si sawa na hiyo.

Kijana_wa_Ngamiani:
Shikamoo Mzee, na samahani kwa kuwasubirisha, nilikuwa mnarani Pongwe. Majibu ni haya. Wateja ni 1,900 hivi, wengi wao faiba: Raskazone, Chumbageni, Ngamiani, Makorora. Waliobaki ni wa redio: Pongwe, Muheza na Pangani. Wote PPPoE, inaishia kwenye ruta mbili za CCR2116. Laini kutoka Dar ni moja ya 10G, ya pili ya njia nyingine tumeahidiwa. OLT ni tatu, kila moja ina laini mbili za 10G za kupanda juu. Seva mbili: moja ya RADIUS (inakagua nywila za wateja wanapoingia), moja ya ufuatiliaji. Usiku trafiki inagusa gigabiti 4 na nusu. Umeme ni TANESCO, inveta na betri, jenereta ipo. Fedha ya ziada haipo, nilichoandika ndicho kikomo.

MzeeWaRaki:
Marahaba. Sasa tunaweza kuzungumza.

Hesabu poti kwanza. OLT tatu kwa laini mbili ni 6. CCR mbili kwa laini mbili ni 4. Dar ni 2 ikija ya pili. Minara 3, seva 2. Jumla 17. Kwa hiyo CRS317 yenye poti 16, ambayo najua kuna mtu angekuja kuitaja, haitoshi kama ni moja. Zote tatu ulizoleta zinatosha, na nafasi inabaki.

Pili, PPPoE yako inaishia kwenye CCR. Swichi haitaona IP ya mteja hata mmoja, itaona MAC (anwani ya kifaa chenyewe) na VLAN (mtandao mdogo uliotengwa ndani ya mkubwa) basi. Yale majedwali makubwa ya njia unayoonyeshwa kwenye karatasi za mauzo hayakuhusu. QFX5100 inabeba MAC 288,000, wewe una wateja 1,900. Usilipie namba hiyo.

Tatu, bafa. Dada Nodi ana hoja, ila aiweke mahali pake. Megabaiti 12 ni milisekunde 10 hivi za trafiki ya 10G, na zinagawanywa, hakuna poti moja inayoruhusiwa kuzichukua zote. Redio ya Pangani wanaiita ya gigabiti, lakini mvua ya masika ikianza uwezo wake unashuka na swichi haina habari, kwa sababu poti ya shaba au faiba kati yake na redio bado inasoma 1G. Tatizo hilo litibiwe kwenye CCR: weka foleni ya kila mnara chini kidogo ya uwezo halisi wa redio, ili pakiti zisubiri mahali unapoweza kupanga nani atangulie. Ukifanya hivyo, bafa ya swichi inabaki na kazi ndogo sana.

Dada_Nodi:
Foleni kwenye CCR inasaidia kwa minara, nakubali. Kwa OLT je? Pale 10G inaingia na 10G inatoka, lakini laini mbili za Dar zikija kwa pamoja zikaelekea OLT moja?

MzeeWaRaki:
Zinapita CCR kwanza, dada. Hakuna pakiti ya mteja inayotoka Dar ikaingia OLT bila kupita kwenye ruta. Swichi inaipitisha mara mbili, lakini katikati kuna CCR.

Dada_Nodi:
Sawa, hiyo nimekubali. Kwa ramani yake kweli bafa inashuka umuhimu. Commit bado nasimama nayo.

Mnara_wa_Amani:
Nimesoma kimya, ila nikiona neno "moja" kwenye swichi kuu siwezi kunyamaza. Ngoja niwape kisa, na jina la kampuni wala la swichi silitaji.

Nilikuwa fundi wa zamu kwenye ISP fulani, si Tanga. Tulikuwa na swichi kuu mbili zilizofungwa pamoja zikaonekana kama moja. Muuzaji alituhakikishia kwamba moja ikifa nyingine inabeba, na kwa muda mrefu ilikuwa kweli. Siku moja mshauri aliyeletwa na muuzaji akaja kupandisha toleo la programu. Tulimuuliza kabla hajagusa kitu: zitazima kwa zamu? Akasema ndiyo, zitazima kwa zamu, wateja hawatahisi. Saa saba za usiku akabonyeza. Zikazima zote mbili kwa pamoja.

Hapo bado tulikuwa na matumaini kwamba zitarudi. Ya kwanza ikarudi na toleo jipya. Ya pili ikarudi na la zamani, ikakataa kujiunga na mwenzake, na kila moja ikajiona ndiyo mkubwa. Anwani ile ile ya usimamizi, MAC ile ile, kwenye swichi mbili tofauti ndani ya mtandao mmoja. OLT zilizokuwa zimefungwa kwa laini mbili zikawa zinapeleka nusu ya pakiti huku na nusu kule. Wateja wakaanza kuingia na kutoka. PPPoE ya kila mmoja ikawa inajaribu upya kwa wakati mmoja, seva ya RADIUS ikalemewa, kwa hiyo hata wale ambao njia yao ilikuwa nzima hawakuweza kuingia. Kebo ya konsoli iliyokuwepo ilikuwa ya swichi ya zamani, haikuingia. Mshauri akapiga simu kwa muuzaji, simu haikupokelewa hadi asubuhi.

Kilichotuokoa ni kuchomoa ya pili kabisa, umeme na nyaya zote, tukabaki na moja. Kulikuwa kumekucha. Hospitali moja tuliyokuwa tunaihudumia ilikaa bila mtandao usiku mzima, na mkuu wao wa TEHAMA alikuja mwenyewe kusimama mlangoni kwetu. Hakupiga kelele, aliuliza tu ni saa ngapi. Hatukuwa na jibu la kumpa.

Kwa hiyo msimamo wangu: swichi mbili, kila moja na akili yake, usanidi wake, toleo lake. Unapandisha moja leo, unaiangalia wiki nzima, ndipo unagusa ya pili.

Faiba_Muheza:
Basi ndiyo hizo MikroTik mbili. Azifunge kwa MLAG (swichi mbili zinazobeba laini za kifaa kimoja kana kwamba ni swichi moja), kila OLT iweke mguu mmoja huku na mmoja kule.

Dada_Nodi:
MLAG ya RouterOS ni changa ukilinganisha na za wengine. Mimi nisingeweka wateja 1,900 juu yake bila kuijaribu kwanza mezani kwa kuchomoa kila waya mmoja mmoja.

Mnara_wa_Amani:
Wala hailazimiki MLAG. OLT mguu mmoja huku mwingine kule, RSTP (itifaki inayozuia pakiti kuzunguka bila mwisho) iachwe izibe mmoja. Moja ikifa, mguu wa pili unafunguka. Unapoteza matumizi ya laini ya pili, lakini OLT yenye wateja mia sita usiku haijazi hata 10G moja.

Faiba_Muheza:
Kulaza laini nzima ya 10G bila kazi, mkuu? Moduli tumenunua, faiba tumevuta.

Mnara_wa_Amani:
Imelala ili nawe ulale. Ndiyo kazi yake.

Dada_Nodi:
Kijana akienda MikroTik, kuna mambo ambayo fundi wake lazima ayajue, kwa sababu nimeona watu wakiilaumu swichi kwa kosa la usanidi. Kwenye hizi CRS3xx, chipu inabeba bridge (kundi la poti zilizounganishwa) moja tu. Ukitengeneza bridge ya pili, trafiki yake inapelekwa kwenye CPU, na CPU ya swichi haikuumbwa kwa gigabiti 4. Kwa hiyo bridge moja, VLAN zote ndani yake, vlan-filtering iwashwe. Bondi (laini kadhaa zilizofungwa ziwe kama moja) nazo ni hivyo hivyo: 802.3ad na balance-xor zinabebwa na chipu, aina nyingine zinaangukia CPU. Tazama herufi H, alama kwamba chipu ndiyo inabeba kazi, kwenye orodha ya poti za bridge. Isipokuwepo, simama hapo kwanza.

MzeeWaRaki:
Umenena. Nami naongeza mawili ya PPPoE. Chipu nyingi hazifungui PPPoE kuona IP iliyomo ndani, kwa hiyo ukifunga bondi kati ya swichi na CCR ukategemea igawanye mzigo kwa IP na poti, unaweza kukuta laini moja imejaa na nyingine tupu. Gawanya kwa MAC. Wateja wa faiba kila mmoja ana MAC yake, zitagawanyika vizuri.

Na MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti. PPPoE inakula baiti 8, ndiyo maana mteja anabaki na 1492 na tovuti nyingine zinamgomea. RFC 4638 inaruhusu kumrudishia 1500 kamili, lakini mpaka njia nzima kuanzia OLT, swichi, hadi CCR ibebe fremu kubwa zaidi, na VLAN mbili juu yake kama unatumia QinQ (VLAN ndani ya VLAN). Weka 9000 na kitu kwenye poti zote za ndani siku ya kwanza, kabla wateja hawajahamia. Kuibadilisha baadaye ni kukata watu.

Kijana_wa_Ngamiani:
Asanteni sana, naandika yote. Na Huawei mbona hakuna anayeitetea?

Mnara_wa_Amani:
Ni swichi nzuri. Poti 24 za 10G na 6 zinazofika 100G, utakua nayo miaka mingi, na mafundi waliozoea OLT za Huawei hawatapata shida na amri zake. Tatizo ni kwamba fedha yako inanunua moja. Ingekuwa mbili ningesema chukua leo.

Binti_wa_Raskazone:
Naomba niingilie na jambo ambalo halijaguswa. Mimi natunza mitambo ya hoteli moja huku Raskazone, karibu kabisa na maji. Chumvi ya bahari inakula kila kitu. Pini za pawa saplai zinaota kutu ya kijani, feni zinaanza kulia kabla ya wakati wake, na mlango wa chumba ukiachwa wazi msimu wa kusi unaona unyevu kwenye bati la raki. Kijana, raki yenu iko wapi? Na AC inafanya kazi umeme ukikatika, au inveta inabeba vifaa tu?

Kijana_wa_Ngamiani:
Raki iko Chumbageni, ghorofani, si karibu sana na bahari. AC haiko kwenye inveta, dada. Jenereta ikiwaka ndipo inarudi.

Binti_wa_Raskazone:
Basi swichi inayotoa joto kidogo ina faida kwako kuliko mnavyodhani. QFX ni kifaa cha kituo cha data, inakula wati 150 hivi saa zote, na joto hilo hilo linabaki chumbani AC ikiwa imezima. Na betri zako zinalipa. Moduli za 10G za RJ45 nazo zichunge, zinachemka, usizipange jirani jirani. Kwa vifaa vilivyomo raki moja tumia kebo fupi za shaba za DAC.

Faiba_Muheza:
Kwenye umeme nami nina swali. Kuna anayetumia volti 48 za DC moja kwa moja? Huku kwetu naona upotevu mkubwa: betri inatoa DC, inveta inaigeuza umeme wa AC kama wa TANESCO, pawa saplai inairudisha DC.

Mnara_wa_Amani:
Juniper na Huawei wana pawa saplai za DC, unabadilisha tu. Hiyo CRS326 inakuja na pawa saplai mbili za umeme wa AC. Ila kwa ISP yenye OLT tatu, OLT ndizo za kuanzia kuhamishia DC, nyingi zinaipokea moja kwa moja. Swichi mbili za MikroTik kwenye inveta ndogo hazitakusumbua.

Faiba_Muheza:
Redio za minarani je? Mnara wangu wa juu kule radi imeshaua poti mbili za shaba.

MzeeWaRaki:
Usipandishe shaba mnarani kwa data. Panda na faiba, na umeme wa DC wenye kinga ya radi chini na juu, na ardhi iwe moja kwa mnara na kibanda. Swichi kuu yoyote utakayonunua isiguswe na waya wa shaba unaotoka nje ya jengo. Fungua mada yake, tutakujibu kwa kirefu, huku tunampoteza kijana.

Kijana_wa_Ngamiani:
Hamjanipoteza, Mzee. Leo nimeongea na muuzaji wa QFX. Amesema akipata uhakika ananipa mbili kwa punguzo, bei inakaribia sana hizo MikroTik mbili. Bosi sasa amevutiwa, anasema jina la Juniper linampa moyo. Nimerudi nyuma tena.

Dada_Nodi:
Mbili! Sasa mizani imebadilika. Mimi ningeenda nazo, kila moja ijitegemee kama alivyosema Mnara_wa_Amani, usizifunge kwa Virtual Chassis (njia ya Juniper ya kuzifanya swichi moja). Lakini usilipe kabla ya haya. Mwombe picha ya kibandiko cha namba ya modeli: mwishoni pana AFI au AFO. AFO inatoa hewa ya moto upande wa feni, AFI inavuta hewa ndani kupitia upande wa feni. Feni zote na pawa saplai zote mbili ziwe za upande mmoja, na zilingane na vifaa vingine vya raki yenu, la sivyo moja itavuta joto la jirani yake. Wauzaji wa mtumba huchanganya vipuri. Mwombe pia awashe mbele yako kwa simu ya video, akuonyeshe "show chassis alarms" na "show chassis environment".

Faiba_Muheza:
Na programu ya kupandisha toleo ataitoa wapi bila mkataba? QFX5100 ilitoka 2013, hiyo si swichi ya kesho.

Dada_Nodi:
Ahakikishe imekuja na toleo zuri tayari. Kwa kazi ya MAC na VLAN tu, hatahitaji kupandisha mara kwa mara.

Binti_wa_Raskazone:
Hapo dada sikubaliani nawe. Tundu la usalama likigunduliwa na huna mkataba, unabaki nalo. Angalau anwani ya usimamizi iwekwe VLAN yake, isifikike kutoka kwa mteja wala kutoka nje.

MzeeWaRaki:
Na risiti, kijana. Kifaa cha mawasiliano kinatakiwa kiwe kimethibitishwa na TCRA, hilo liko chini ya sheria ya mawasiliano ya EPOCA ya 2010, na wewe ni mwenye leseni. Muulize huyo muuzaji wa mtumba karatasi zake kabla ya bei.

Kijana_wa_Ngamiani:
Sawa Mzee, nampigia kesho asubuhi kuhusu karatasi na kibandiko. Kwa upande wa MikroTik, kuna aliyewahi kuagiza Dar jioni ikafika Kange asubuhi kwa basi? Nataka kujua ya akiba nitaipata kwa haraka gani.

Faiba_Muheza:
Kwa basi la usiku inafika, nimeshapokea hivyo vifaa vyangu vingi. Uliza kwanza kama duka linayo rafuni. Mara nyingi hiyo ya poti 24 wanaiagiza, ya 16 ndiyo inayokuwepo.